Vivinjari vinne kwenye laptop moja: kipi kibaki?

Swali la msomaji: "Nina laptop ya mtumba, Windows 10, RAM 4GB na diski ya zamani, siyo SSD. Tunaitumia watu wanne: mimi naandaa maazimio ya kazi na mitihani, mume wangu anaangalia akaunti ya benki, na watoto wetu wawili wa sekondari wanasomea humo. Intaneti ni hotspoti ya simu, kwa bando. Nimeikuta Edge, nikaweka Chrome, kijana wangu akaweka Opera GX, mdogo wangu akaweka Brave akidai Chrome inanichunguza, na sasa fundi anasema niweke Firefox. Kompyuta inajikokota na bando haliishi wiki. Kivinjari kipi ni bora, na je, nifute vingine?" Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro.

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe, halafu nikueleze nimelifikiaje, kwa sababu wote waliokushauri wana kipande cha ukweli mkononi. Kwa kompyuta hiyo, kwa familia ya watu wanne na kwa intaneti ya bando, fanyeni Firefox iwe kivinjari chenu cha kila siku. Iwekee kiendelezi kimoja, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, kiitwacho uBlock Origin. Bakiza Edge kwa ajili ya tovuti chache zitakazogoma, kisha ondoa Opera GX na Chrome. Brave nayo ni nzuri, na kama Firefox haitawakaa vizuri, Brave ndiyo ichukue nafasi yake. Ila msiwe nazo zote mbili.

Utaona sijataja kasi. Watu wengi huanza na swali hilo, na matangazo ya kampuni zenyewe hulichochea, lakini kwa mtumiaji wa nyumbani limeshapoteza uzito. Chrome, Edge, Opera, Opera GX na Brave zote zimejengwa juu ya msingi mmoja unaoitwa Chromium, mradi wa programu huria unaoongozwa na Google, na injini inayosoma kurasa ndani yake ni ileile moja, Blink. Kuzishindanisha kwa kasi ni sawa na kushindanisha mabasi yenye injini moja yaliyopakwa rangi tofauti. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Opera ilikuwa na injini yake, Presto, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft ilitoa Edge mwaka 2015 ikiwa na injini yake yenyewe, ikaikatia tamaa, na Januari 2020 ikaja na Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium. Kwenye Windows, kivinjari kikubwa kilichobaki na injini yake ni Firefox peke yake, na injini hiyo inaitwa Gecko. Safari ya Apple nayo ina injini yake, lakini matoleo yake ya Windows yalikoma mwaka 2012, kwa hiyo haikuhusu.

Jambo hili linanigusa, na naomba univumilie kidogo. Tulishawahi kuishi chini ya kivinjari kimoja. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, Microsoft ikiwa imekwisha kuishinda Netscape, kivinjari kilichotamba kabla yake, na kwa miaka michache Internet Explorer, kwa matoleo yake yote, ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Ilipokosa mshindani ikalala. Toleo la saba lilikuja mwaka 2006, miaka mitano baadaye, na katika miaka hiyo watu waliambukizwa virusi kupitia matundu ya programu ambayo hawakuwa na mbadala wake. Kilichoiamsha Microsoft ni Firefox, iliyotoa toleo lake la kwanza kamili Novemba 2004. Leo injini moja imerudi kutawala, na mmiliki wake ni kampuni kubwa kuliko zote katika biashara ya matangazo ya mtandaoni. Sikuombi ubebe mzigo wa dunia kwa laptop ya RAM 4GB, Mwalimu. Bando lako likikatika siku ya tano, historia ya Microsoft haitakusaidia kitu. Ila historia hiyo na bando lako vinakutana mahali pamoja, napo ni kwenye matangazo.

Fungua ukurasa wa habari wowote. Unachokiona ni habari moja na picha mbili. Usichokiona ni kwamba kivinjari chako, wakati huohuo, kinawasiliana na sava nyingi za watu usiowajua: za kuleta matangazo, za kupima umekaa kwenye ukurasa kwa muda gani, za kukutambua kuwa wewe ndiye uliyetazama viatu jana kwenye tovuti nyingine, na video inayoanza kucheza pembeni bila kuombwa. Yote hayo hushuka kwa bando lako, hukaa kwenye RAM yako na kuifanyisha kazi prosesa yako. Kwenye kompyuta mpya yenye intaneti ya faiba hutayahisi. Kwenye yako ni sehemu ya kile unachokiita kujikokota.

uBlock Origin hukata mawasiliano hayo kabla hayajaanza. Haifichi tangazo baada ya kulipakua. Inazuia lisipakuliwe kabisa, na hapo ndipo bando linapookolewa. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na mtunzi wake, Raymond Hill, amekataa hata michango ya fedha. Ndani ya mipangilio yake kuna kipengele ambacho kwa mtu wa bando ni dhahabu: unaweza kuiamuru izuie picha na video zote zinazozidi ukubwa fulani, kwa mfano kilobaiti 50. Ukurasa unafunguka ukiwa maandishi matupu na picha ndogondogo, na ukitaka kuona picha fulani unaibofya. Washa hicho siku ambazo bando limebaki kidogo, hasa watoto wanaposoma tovuti zenye maandishi marefu.

Sasa kwa nini Firefox na siyo Chrome, ikiwa kiendelezi ni kilekile? Kwa sababu uBlock Origin kamili haifanyi kazi tena kwenye Chrome. Google ilibadilisha kanuni za viendelezi. Zamani kiendelezi kilikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni, kukagua kila ombi linalotoka na kuamua papo hapo lipite au lisipite. Kwa kanuni mpya, kinamkabidhi kivinjari orodha ya sheria zilizoandikwa mapema, na kivinjari ndicho kinachoamua. Chrome ilianza kuzima viendelezi vya mtindo wa zamani mwaka 2024, na mwaka 2025 ikafunga njia za mwisho. Google ilisema nia yake ni usalama, na nikiri kuna ukweli ndani yake: kiendelezi chenye uwezo wa kuona kila unachofungua ni hatari kikiwa mikononi mwa tapeli. Kuna toleo dogo, uBlock Origin Lite, linalotii kanuni mpya, na kwa kurasa nyingi linatosha. Lakini kampuni inayoishi kwa matangazo inapopunguza nguvu za kizuia matangazo, naangalia matokeo kuliko maelezo. Firefox ilikubali kanuni mpya bila kuzifuta za zamani, na uBlock Origin kamili inaendelea kufanya kazi humo, kwenye kompyuta na hata kwenye simu ya Android.

Angalizo mbili kabla hujakimbilia kukiweka. Kwanza, kuna kitu kingine kinaitwa "uBlock" bila neno "Origin", na ni bidhaa ya watu wengine kabisa. Hakikisha jina limekamilika na mtunzi ni Raymond Hill. Pili, magazeti na waandishi wadogo wanaishi kwa matangazo hayohayo. Tovuti unayoithamini, ambayo haikujazii takataka, iruhusu: bofya alama ya uBlock Origin, kisha kitufe kikubwa cha kuzima, nacho kitazima kwa tovuti hiyo pekee.

Hapo ndipo Brave inapoingia, na ndiyo maana sikuidharau. Mdogo wako hakukosea. Brave ina kizuia matangazo kilichojengwa ndani ya kivinjari chenyewe, si kiendelezi, kwa hiyo mabadiliko ya Google hayakukigusa. Mwanzilishi wake, Brendan Eich, ndiye aliyebuni lugha ya JavaScript mwaka 1995 na ni mmoja wa walioanzisha Mozilla, watengenezaji wa Firefox. Anajua anachokifanya. Kinachonifanya niiweke ya pili ni mambo mawili. Inakuja na vitu ambavyo nyumba yako haivihitaji, kama pochi ya sarafu za kidijitali na mfumo wa kulipwa kwa kutazama matangazo, na mtoto wa kidato cha pili akibofya huko hatajua ameingia kwenye nini. Jingine ni kwamba mwaka 2020 iligundulika Brave ilikuwa inachomeka msimbo wake wa kamisheni kwenye anwani za tovuti za sarafu hizo pale mtumiaji alipoziandika. Eich aliomba radhi na wakaondoa. Nakubali radhi hiyo, ila nakumbuka.

Nisije nikaonekana naipigia debe Firefox. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na Mozilla nayo ina ngoma yake. Sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Google, inayoilipa ili injini yake ya utafutaji ndiyo iwe ya kwanza ndani ya Firefox. Mpinzani anayelishwa na mpinzani wake hayuko mahali salama. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, kuhusu kuhodhi soko la utafutaji, ilipofika kwenye hukumu ya adhabu, Septemba 2025, Jaji Amit Mehta hakuilazimisha Google iuze Chrome wala hakuizuia kulipia nafasi hiyo, na Mozilla wakapumua. Miezi michache kabla, Februari 2025, Mozilla waliandika masharti mapya ya matumizi kwa lugha iliyowafanya wengi waamini wameachana na ahadi ya kutouza taarifa za watu. Walielemewa na makelele ya watumiaji wao wenyewe, wakayaandika upya ndani ya siku chache. Ushauri wangu: ukishaweka Firefox, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, shuka hadi chini na uzime vipengele vya kutuma takwimu za matumizi kwa Mozilla. Ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu hilo la "Chrome inanichunguza", tuliweke sawasawa. Chrome haikai ikikutazama kwa kamera. Suala ni vidakuzi (cookies) vya watu wa tatu, yaani kumbukumbu ndogo zinazoachwa kwenye kivinjari chako, vile vinavyowezesha kampuni ya matangazo kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Google iliahidi Januari 2020 kuviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Firefox tangu Juni 2022 inatenga vidakuzi vya kila tovuti kwenye chumba chake, bila wewe kubofya chochote, hivyo kile kilichowekwa na tovuti moja hakisomwi ukiwa kwenye nyingine.

Tuje kwenye RAM, maana fundi yeyote atakayekuambia kuna kivinjari "chepesi" kwa 4GB anakupa matumaini ya bure. Windows yenyewe inachukua karibu nusu ya hiyo 4GB kabla hujafungua chochote. Vivinjari navyo vimekuwa walafi kwa sababu ya msingi. Januari 2018 yalitangazwa matundu kwenye prosesa zenyewe, moja likiitwa Spectre, yaliyoweza kuifanya tovuti moja ichungulie kumbukumbu za nyingine. Chrome ikajibu mwaka huohuo kwa kutenganisha kila tovuti kwenye mchakato wake, na Google yenyewe ilikiri gharama yake: ongezeko la RAM la asilimia 10 hadi 13. Firefox ilifuata mwaka 2021. Ulafi huo ndio unaozuia ukurasa wa matusi aliofungua kijana usiguse ukurasa wa benki ulio wazi pembeni, na mimi nisingeuondoa hata kama ningeweza.

Edge hapa inastahili sifa. Kipengele chake cha kulaza vichupo (tabs) visivyotumika kinafanya kazi vizuri, na kwa kompyuta yenye RAM ndogo ni mshindani halisi. Firefox nayo huachilia vichupo RAM inapoelekea kuisha, na matoleo ya karibuni yanakuruhusu kubofya kichupo kwa kitufe cha kulia na kukitoa kwenye kumbukumbu mwenyewe. Lakini tabia inashinda vyote: vichupo vitano, siyo ishirini. Hilo waambie watoto.

Na vivinjari vinne? Hapa ndipo swali lako la kufuta vingine linapojibiwa, na wengi hawalifikirii. Kila kivinjari kikubwa hupata toleo jipya kila baada ya wiki chache, na marekebisho ya usalama katikati yake. Kila toleo ni megabaiti kwa makumi. Vinne vinapakua masasisho yao kimyakimya, kwa bando lako, hata vile ambavyo hamjavifungua mwezi mzima. Vingine hujianzisha kompyuta inapowaka ili vionekane vinafunguka haraka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua orodha ya programu zinazoanza na Windows, na uzime vivinjari vyote utakavyovikuta humo. Kwenye Edge unayoibakiza, ingia mipangilio, sehemu ya mfumo na utendaji, uzime kuanza mapema pamoja na ruhusa ya kuendelea kufanya kazi ikiwa imefungwa. Huwezi kuiondoa Edge kabisa kwa njia ya kawaida huku kwetu. Wakazi wa nchi za Ulaya waliipata haki hiyo mwaka 2024 kwa sheria yao ya masoko ya kidijitali. Basi tulia nayo, na itumie.

Kwa bando pia: nenda mipangilio ya Windows, mtandao, chagua hotspoti ya simu yako, na washa kipengele kinachoijulisha Windows kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo. Itaacha kushusha mizigo yake mikubwa hovyo. Siku utakapopata Wi-Fi ya shule au ya ndugu, iache kompyuta imalize masasisho yake yote hapo. Usiyazime moja kwa moja, tafadhali. Kivinjari kisichosasishwa ni hatari kuliko kivinjari kibaya.

Hilo linanipeleka kwenye Windows 10 yako. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani walifungua mpango wa mwaka mmoja wa nyongeza ya masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, ambao unaweza kuupata bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft. Tafuta mwaliko wake kwenye ukurasa wa masasisho wa Windows na ujiunge. Vivinjari vyenyewe havikukutupa: Microsoft imeahidi kuisasisha Edge kwenye Windows 10 angalau hadi Oktoba 2028, na Mozilla wamesema wataendelea kuihudumia. Historia ya Mozilla kwa kompyuta kuukuu inanipa imani. Chrome iliacha Windows 7 na 8 mwanzoni mwa 2023, ikiishia toleo la 109, lakini Firefox ilitenga toleo maalumu la 115 kwa ajili ya kompyuta hizo na ikaendelea kuliziba matundu muda mrefu baadaye. Kwa nyumba zetu, ambamo kompyuta hufika mkono wa tatu ikiwa bado inafanya kazi, hilo lina maana kubwa. Elewa tu kwamba kivinjari kipya hakizibi matundu ya Windows iliyo chini yake.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ni zito kuliko jina la kivinjari. Watu wanne wanatumia laptop moja, na mmoja wao anafungua benki. Kama mnaingia Windows kwa akaunti moja, manenosiri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yako wazi kwa yeyote aliyeketi mbele ya kioo. Hata asipoweza kuyasoma, kivinjari kitamjazia. Tengeneza akaunti tatu za Windows: yako, ya mumeo, na moja ya watoto isiyo na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kila akaunti itakuwa na Firefox yake, yenye alamisho (bookmarks) zake, historia yake na manenosiri yake.  Juu ya hayo, wewe na mzee mwashe nenosiri kuu la Firefox, ambalo hufunga manenosiri mengine yote hadi ulichape. La benki lisihifadhiwe kabisa, libaki kichwani.

Na kama kuna anayefungua benki kwenye dirisha la siri akidhani ndiyo kinga, mweleze. Dirisha la siri halihifadhi historia kwenye kompyuta hiyo, basi. Kampuni ya simu inaendelea kuona ni tovuti zipi mnatembelea, na tovuti zenyewe zinawaona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa kwenye madirisha hayo ya Chrome, na katika mapatano ya mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu hizo.

Opera GX nimeisema kwa ufupi kwa sababu haistahili zaidi kwenye kompyuta hiyo. Imetengenezwa kwa wacheza gemu, ina mapambo na sauti nyingi, na vidhibiti vyake vya RAM vinavyovutia vijana haviwezi kuumba RAM isiyokuwepo. Kikomo kikiwa kidogo, kurasa ndizo zinazokwama. Ina pia VPN ya bure, yaani njia ya kupitisha mawasiliano kwenye sava nyingine ili yasionekane yanakoelekea, ambayo inapitisha mawasiliano ya kivinjari pekee, siyo ya kompyuta nzima. Zungumza na kijana kuhusu hilo, kwa upole, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba anayetumia VPN nchini anatakiwa kutoa taarifa kwao. Mtoto anaweza kuwa anaiwasha bila kujua kuna sharti hilo.

Kuna hali moja ambayo ningebadili ushauri. Kama nyumbani kuna mtu, tuseme mama mkubwa au bibi, anayetaka menyu zote kwa Kiswahili, Chrome inazo, na kwa mtu huyo jambo hilo linazidi hoja zangu zote. Mbakizie Chrome, na uiwekee uBlock Origin Lite.

Pia, ukipata fedha kidogo, usiitumie kwenye "kusafisha" kompyuta. Badilisha diski hiyo ya zamani uweke SSD ndogo, na uulize kama laptop inakubali kuongezwa RAM hadi 8GB. Kivinjari huandika na kusoma mafaili madogomadogo kwenye diski muda wote, na diski inayozunguka ndiyo inayokufanya usubiri. Hakuna kivinjari kati ya vyote tulivyovitaja kitakachokupa tofauti utakayoiona siku fundi atakapoweka SSD.

Ukiamua kuhama, usitafute "download Firefox" na kubofya cha kwanza kinachotokea, kwa sababu matapeli hununua matangazo ya juu na kuweka programu za kughushi. Chapa mozilla.org mwenyewe kwenye sehemu ya anwani. Firefox itakuomba ruhusa ya kuchukua alamisho na historia kutoka Chrome, kubali. Manenosiri yanaweza kugoma kuhamia yenyewe. Yakigoma, ingia kwenye mipangilio ya manenosiri ya Chrome, yatoe kama faili la CSV, halafu uliingize faili hilo kwenye Firefox. Ndani ya faili hilo kila nenosiri limeandikwa wazi kama orodha ya majina ya darasa, kwa hiyo likishaingizwa lifute papo hapo na ulitoe hata kwenye pipa la taka. Usilitume WhatsApp, usiliweke kwenye flashi.

Tumieni Firefox wiki mbili au tatu huku Chrome bado ipo. Andika pembeni kila tovuti inayogoma, uijaribu kwanza kwa kuzima uBlock Origin kwenye ukurasa huo, kisha kwa Edge. Mkiona maisha yanakwenda, ondoeni Chrome, Opera GX na Brave kupitia mipangilio ya programu za Windows. Chrome itakuuliza kama ifute pia data zako za matumizi zilizobaki kwenye kompyuta. Weka tiki hapo.